Shaba Mezani pa Mwandishi

Hapa Ifakara, Uchina hukumbukwa kwa chuma: reli ya TAZARA iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975. Pwani na visiwani hukumbukwa kwa vyombo vya kauri. Meza ya kuandikia imesahauliwa, ilhali hapo ndipo msomi wa Kichina alipoweka vitu vyake vidogo vya shaba: kitegemeo cha kalamu chenye umbo la milima, kichombo cha kudondoshea maji juu ya jiwe la kusagia wino, kikandamizo cha karatasi na chetezo.

Vingi vimepigwa chini muhuri wa enzi ya Xuande (1426–1435), hali vilisubiwa karne za baadaye. Mhakiki asidanganyike, wala asikimbilie kulaani. Muhuri mwingine ni hila ya mchuuzi, mwingine ni heshima ya fundi kwa waliomtangulia. Sisi nasi tunazo tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo bila hakika kuwa zote ni zake. Hatukuzitupa, twazipima kwa vina, mizani na fikra.

Shaba nayo ipimwe vivyo hivyo. Je, kitegemeo chaizuia kalamu isibingirike? Tone latoka moja moja? Baadhi ya vyetezo vina maandishi ya Kiarabu, hati ile ile iliyotumika kuuandika Utenzi wa Tambuka huko Pate, 1728. Kwa hiyo meza hiyo si ya wageni kwetu.

Reli hupimwa kwa mizigo inayoibeba. Shaba na shairi, msomaji, vipimwe kwa kazi yake. Jina lisomwe mwisho.