Mgeni Anapoanza Kukimbia Singida Mjini

Mtu mzima ambaye hajawahi kukimbia, akihamia Singida Mjini kutoka Ulaya au hata kutoka Tanga, kikwazo chake cha kwanza ni hewa. Mji uko takribani mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Kwenye mwinuko huo shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la pwani, na oksijeni katika kila pumzi hupungua kwa kadiri hiyohiyo. Moyo hufidia kwa kupiga haraka zaidi. Ndiyo maana mgeni hukatika pumzi mapema akadhani hana mwili wa mazoezi, kumbe mwili haujazoea tu. Wiki mbili za mwanzo zimtoshe kutembea kwa haraka.

Baada ya hapo hufuata kukimbia kwa kupokezana na kutembea. Ratiba inayojulikana zaidi duniani ni ya Mmarekani Josh Clark, aliyeitunga mwaka 1996: wiki 9, siku 3 kila wiki. Wiki ya kwanza ni dakika 5 za kutembea, kisha dakika 20 za kukimbia sekunde 60 na kutembea sekunde 90, kwa zamu. Wiki ya mwisho mtu hukimbia dakika 30 bila kusimama. Ubora wake uko katika siku za mapumziko. Moyo na misuli huimarika ndani ya wiki chache, lakini mifupa na kano huchukua miezi. Pengo hilo ndilo linaloumiza wanaoanza: kifua kinaruhusu, ugoko unakataa. Kwa Singida ni busara kurudia karibu kila wiki ya ratiba mara mbili, hasa kwa mwenye umri uliosogea au uzito mkubwa.

Kuhusu kasi, mgeni ana mwalimu jirani kabisa. Mchakamchaka, ambao Watanzania wengi wameupitia shuleni au katika Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), hukimbiwa huku watu wakiimba na kuitikiana. Anayeweza kuitikia wimbo bado anapata oksijeni ya kutosha. Anayeshindwa amezidisha mwendo. Kipimo hiki ni bora kuliko saa ya mkononi, kwa sababu kinajirekebisha chenyewe kwa mwinuko, joto na uchovu wa siku. Kwa wengi wanaoanza, mwendo huo ni dakika 8 au 9 kwa kilomita, na kwenye mlima mdogo ni kutembea. Kujilinganisha na wakimbiaji wa mkoa huu hakufai. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Ikungi, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo tarehe 15 Septemba 2025 kwa saa 2:09:48, yaani kama dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita, akimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Kasi hiyo ni zao la miaka mingi.

Njia za vumbi ni laini kwa miguu kuliko lami, ila mchanga mwingi huchosha shavu la mguu na kuvuta kano ya kisigino, kwa hiyo afadhali changarawe iliyoshindiliwa. Barabara kuu za Dodoma na Nzega zina malori ya masafa marefu na si mahali pa kujifunzia. Anayelazimika kuzipita akimbilie upande wa kulia, magari yakimjia usoni. Aliyezoea Ujerumani au Marekani, kwao ni kushoto, na mazoea hayo ni hatari hapa. Jua la Singida huchomoza kama robo saa baada ya la Dar es Salaam, hivyo saa kumi na mbili asubuhi bado kuna giza. Saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili ndio wakati mzuri: njia inaonekana na joto halijapanda. Suruali nyepesi ndefu humfaa mwanamke mgeni kuliko kaptula, na salamu njiani zipokewe hata kama pumzi ni fupi.

Mwezi wa kuanza ni Mei. Mvua zinakuwa zimekwisha, Juni na Julai ni baridi, na hata aliyerudia wiki za ratiba atakuwa anafikisha dakika zake 30 kabla joto la Oktoba halijaingia.