Sifa za Ndoana

Katika vibanda vya samaki vya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, mgongo wazi wa mbuta wa Ziwa Victoria hukaangwa hadi mifupa midogo itafunike. Minofu imekwishabaki kiwandani, mingi ikielekea ng'ambo, na kilichosalia ndicho kitoweo cha mwenye kipato kidogo. Mlaji hupima bei na chumvi, lakini ni nadra kuuliza samaki huyo alivuliwaje. Nashikilia kwamba miongoni mwa njia za kumvua mbuta, ndoana ndiyo inayostahili heshima ya kwanza, kwa kuwa humdai mvuvi alielewe ziwa kabla ya kula kutoka kwalo.

Ushahidi uko katika miezi ya Juni hadi Agosti, wakati Nairobi nayo inatetemeka kwa baridi. Ziwa Victoria limelalia ikweta, lakini hupoa. Upepo mkavu wa kusini-mashariki huongeza mvuke unaotoka ziwani, maji ya juu hupoteza joto, huwa mazito, kisha huchanganyika na ya chini. Oksijeni iliyokuwa haba vilindini kwa miezi mingi hurejea, na mbuta, asiyestahimili uhaba wake, hupata tena nafasi ya kushuka. Mvuvi wa ndoana hulazimika kuyafuata mabadiliko hayo: achague kina, atunze kambare wadogo wakiwa hai kwa ajili ya chambo, na auheshimu upepo uleule unaoweza kupindua mtumbwi wake.

Mpinzani atasema wavu huleta samaki wengi zaidi, na tumbo halishibi sifa. Ni kweli, lakini kokoro na nyavu za macho madogo huzoa watoto wa samaki, ilhali ndoana kubwa yenye chambo kikubwa huwaacha wengi wao. Kenya, Uganda na Tanzania ziliwahi kukubaliana kipimo cha mbuta wa kuvuliwa kiwe kati ya sentimita 50 na 85, ili wachanga wakue na wazazi wakubwa wazae. Wengine watakumbusha kwamba mbuta aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, akawaangamiza fulu wengi, samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo. Hoja hiyo ni nzito, ila inawahukumu waliomleta, si ustadi wa anayemvua.

Basi, mnunuzi wa Kibera na Kawangware, ukiuziwa mbuta mchanga kwa bei ya chini, mkatae kila unapoweza. Heshima ya kweli kwa mvuvi mvumilivu ni soko lisilomlipa anayezoa watoto.