Kemia ya bei rahisi, lakini ndoo zimejaa?

Umewahi kufanya jaribio la kemia kwa asidi ya betri ya gari? Mwongozo wa Shika na Mikono, ulioandaliwa na wafanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps kwa ajili ya walimu wa sayansi Tanzania, unafundisha mambo ya namna hiyo: asidi ya betri badala ya kemikali ya maabara, bomba la sindano badala ya bureti. Naunga mkono. Kusubiri maabara kamili ni kuwanyima watoto kemia.

Ila kuna kosa tunalifanya. Tukisikia "kinapatikana hapa hapa", tunaelewa "ni salama". Watu wa Masasi na Newala tusidanganyike. Korosho ni zetu, lakini aliyewahi kuzichoma anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Asidi ya betri nayo ina moli 4 hadi 5 kwa lita; kupata 0.1 ya titresheni unaizimua mara 40 hadi 50.

Sasa fikiria imemrukia mwanafunzi jichoni. Kanuni ni kuosha kwa maji yanayotiririka, angalau dakika 15. Bomba likitoa lita 4 kwa dakika, hizo ni lita 60: ndoo tatu za lita 20. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde. Udongo wa kichanga unameza mvua, na maji ya bomba yanasukumwa na pampu kutoka mabondeni. Wakati wa kiangazi, ndoo tatu si mchezo.

Kwa hiyo bei peke yake haitoshi kupima jaribio. Uliza pia: maji ya kumwoshea mtu yapo? Na mabaki yanakwenda wapi? Asidi na besi zikishamalizana, hubaki maji ya chumvi. Nitrati ya risasi ukiimwaga nyuma ya darasa, risasi inabaki ardhini.

Ushauri wangu: mazoezi ya kawaida yafanywe kwa sentimita za ujazo 5 badala ya 25. Majibu yatayumba kidogo, kweli, lakini asidi na mabaki vinapungua mara tano. Mwalimu azimue asidi mwenyewe kabla ya kipindi, akimimina asidi kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Na wewe mwanafunzi, kabla chupa haijafunguliwa, angalia ndoo. Kama ni tupu, sema. Huo si uoga, ni kemia.