Kisu Mkononi na Zaburi ya 88

Washarika wengi huuliza kama inafaa Mkristo asome mashairi ya siku hizi yaliyojaa damu, mauti na kukata tamaa. Wanasema ushairi wa zamani ulijenga, na huu wa sasa unabomoa.

Lakini ushairi wa Kiswahili haukuanza jana kutazama mambo ya kutisha. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa yapata miaka 200 iliyopita, unatuonyesha majumba ya Pate yaliyohamwa yakikaliwa na popo, na matajiri wake wakiliwa na wadudu kaburini. Mtunzi huyo anauonya moyo wake ugeuke. Kitisho chake kina somo.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alishika njia nyingine. Katika diwani yake Kichomi, iliyotoka mwaka 1974, limo shairi liitwalo "Kisu Mkononi". Mtu ameshika kisu na anajihoji kama kuna sababu ya kuendelea kuishi. Shairi halifuati vina wala mizani, jambo lililowaudhi sana wanamapokeo. Mimi naona umbo hilo limefaa, maana mtu aliyefika hapo hahesabu mizani.

Anayeliona shairi hili kuwa kufuru na afungue Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo hugeuka kabla ya mwisho zikawa sifa. Hii haigeuki, inaishia gizani, na Kanisa limeipokea hivyo hivyo bila kuiongezea aya ya faraja. Eliya naye aliomba kufa, na Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Huko Heidelberg, mwaka 1518, Martin Luther alifundisha kwamba mwanateolojia wa msalaba hulitaja jambo jinsi lilivyo. Kezilahabi analitaja.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa. Mwenye zaburi yumo gizani, lakini kilio chake kina wa kukisikia: anamlilia Mungu mchana na usiku. Mwenye kisu anajihoji peke yake. Upweke huo unanitisha kuliko makali ya kisu.

Na upweke huo umo ndani ya usharika wetu. Yupo anayeketi benchi moja nasi, anaitikia "Bwana asifiwe", kisha anarudi nyumbani na swali lilelile la shairi, kwa sababu akilisema ataambiwa hana imani. Tukifunga kitabu kwa kuogopa giza lake, tutawezaje kumsikiliza mtu huyo akija mlangoni?

Kwa hiyo nashauri lisomwe, ila lisomwe pamoja: vijana na wazee wao, mume na mke, kikundi cha Biblia. Na wewe ambaye swali hilo ni lako, usilisome peke yako. Mwendee unayemwamini, au gonga kwa mchungaji wako, hata kama ni usiku.