Tony Allen na Art Blakey: Mwanafunzi Amjibupo Mwalimu

Mwaka 2017 kampuni ya Blue Note ilitoa santuri fupi yenye nyimbo nne, ambamo Tony Allen, mpiga ngoma wa Nigeria, alimuenzi Art Blakey wa Marekani aliyefariki mwaka 1990. Nyimbo hizo, yaani "Moanin'", "A Night in Tunisia", "Politely" na "Drum Thunder Suite", zilikuwa zimerekodiwa na Blakey pamoja na kundi lake la Jazz Messengers kati ya 1958 na 1960. Kwa mtazamo wa haraka kazi hii ni kumbukumbu tu, mzee mmoja akimkumbuka mzee mwenziwe. Lakini asikilizaye kwa makini hakosi kutambua jambo la ajabu: katika nyimbo zote nne Allen hajaribu kupiga kama Blakey. Yafaa basi kuuliza hii ni heshima ya namna gani, imsifuyo mwalimu na kukataa kumwiga.

Jibu rahisi, ambalo baadhi ya wahakiki wa Ulaya na Marekani hawajachoka kulitoa, ni kwamba Mwafrika hahitaji mwalimu wa ngoma kwa kuwa mdundo umo damuni mwake. Kauli hii husemwa kama sifa, kumbe ni dharau iliyovikwa joho. Humnyang'anya msanii kazi yake. Akubaliye kwamba Allen alizaliwa na ngoma hana haja tena ya kuuliza alijifunza nini, kwa nani, na kwa jasho kiasi gani.

Na jasho lilikuwa jingi. Allen alianza kupiga ngoma akiwa na umri wa miaka kumi na minane, huku akifanya kazi ya ufundi katika kituo cha redio mjini Lagos. Walimu wake wa kwanza walikuwa santuri na magazeti. Katika gazeti la Down Beat alisoma makala ya Max Roach juu ya haihati, yaani yale matoazi mawili yafunguliwayo na kufungwa kwa mguu wa kushoto. Wapiga ngoma wengi wa Lagos wakati ule hawakukishughulikia chombo hicho. Allen alikitwaa, akakifanya kuwa kiungo cha upigaji wake wote. Mwaka 1969, alipozuru Marekani pamoja na kundi la Fela Kuti, alikutana mjini Los Angeles na mpiga ngoma Frank Butler, na kutoka kwake akapata zoezi la kupiga mikwiro juu ya mito ya kulalia kila asubuhi. Mto haurudishi mkwiro kama ngozi iurudishavyo. Mkono hulazimika kuunyanyua wenyewe. Ni vigumu kuona damu inaingiaje hapo.

Ili kuelewa walichokuwa nacho walimu hao, ni lazima kurejea nyuma kidogo. Hadi miaka ya 1930 mwendo wa jazi ulishikiliwa zaidi na ngoma kubwa ya mguu. Kenny Clarke, ambaye mapema katika miaka ya 1940 alipiga katika klabu ya Minton's huko Harlem, aliuhamishia mwendo huo kwenye toazi kubwa la mkono wa kulia. Mguu ukawa huru kutoa mapigo ya ghafla, mithili ya mtu anayedakiza maneno katika mazungumzo. Roach (1924-2007) akaenda mbele zaidi. Alionyesha kwamba mpiga ngoma aweza kuufuata wimbo wenyewe, ubeti kwa ubeti, badala ya kuwahesabia wenziwe tu. Blakey alikuwa mtu wa radi. Mfululizo wake wa mapigo juu ya ngoma ndogo ulianza kama mnong'ono, ukapanda na kufura, hata mpiga tarumbeta akawa hana budi kuanza ubeti mpya. Lee Morgan, Wayne Shorter na Freddie Hubbard wote walipitia katika kundi lake wakiwa vijana, na sehemu kubwa ya mafunzo waliyopata ilikuwa ni kusukumwa kwa namna hiyo kutoka nyuma.

Blakey alikwenda Afrika Magharibi mwishoni mwa miaka ya 1940. Waandishi walipenda kusema kwamba alikwenda kusomea ngoma. Mwenyewe alikanusha, na alishikilia kwamba jazi ni muziki wa Marekani. Hata hivyo alikuwa na desturi ya kugonga ubavu wa ngoma na kuibadili sauti yake kwa kuikandamiza ngozi kwa kiwiko, mbinu ambazo wasikilizaji wengi wamezihusisha na Afrika. Hapa mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Wanachuoni wa Kiswahili wanaufahamu vyema ubishi wa asili ya vina na mizani, kama ni vya Kiarabu au ni vya Kibantu, na wanajua jinsi ubishi huo ulivyowahi kuwasahaulisha watu mashairi yenyewe. Atafutaye asili peke yake huishia kuhesabu madeni. Kwa hesabu hiyo Allen angekuwa mdeni wa Blakey, Blakey mdeni wa Afrika, na hakuna hata mmoja wao ambaye angekuwa ametunga kitu.

Fasihi ya Kiswahili ina mfano ufaao zaidi, nao ni takhmisi. Sayyid Abdallah bin Nasir alipoyatwaa mashairi ya Liyongo hakuyafasiri wala hakuyaiga. Aliyaacha maneno ya Liyongo yalivyo, akatanguliza mishororo yake mitatu katika kila ubeti, hivyo kwamba msomaji huyafikia maneno ya kale kwa njia mpya na kuyasikia upya. Allen naye ameziacha sauti za Bobby Timmons na Dizzy Gillespie zitambulikane. Alichokibadili ni njia ya kuzifikia. Katika "A Night in Tunisia" ya mwaka 1960 Blakey aliufungua mlango kwa kishindo cha ngoma. Allen hana kishindo. Mapigo yake ni madogo, mengine hayazidi mguso wa mkwiro juu ya ngozi, na kila kiungo cha mwili kina usemi wake: mguu wa kulia husema jambo, wa kushoto hulipinga, mikono miwili huamua. Kazi ambayo katika ngoma za Wayoruba hugawiwa watu kadhaa, hapa imegawiwa viungo vinne vya mtu mmoja. (Kofi Ghanaba wa Ghana, ambaye Allen alimsikiliza pia, alishika njia nyingine, katika santuri yake ya 1956, "Africa Speaks, America Answers", alizileta ngoma za Afrika zenyewe mbele ya Wamarekani. Allen hakuhitaji kuongeza ngoma hata moja.)

Mfano wa takhmisi una mpaka wake. Mwenye takhmisi hufungwa na vina na mizani ya yule wa kwanza, ilhali Allen ameivunja mizani ya Blakey kwa makusudi. Toazi la jazi, ambalo huukokota mwendo mbele daima, limeondolewa ukuu wake, na mwendo umekabidhiwa viungo vyote kwa zamu. Hasara yake yaonekana katika "Drum Thunder Suite". Benny Golson aliutunga wimbo huo, wenye sehemu tatu, ili uwe jukwaa la Blakey. Bila radi nafasi zilizoachwa kwa ajili ya ngoma hubaki kama viti visivyokaliwa. Allen alikuwa na haki ya kukataa kupiga radi, lakini pengine hakupaswa kuuchagua wimbo uliojengewa radi.

"Politely" ya Bill Hardman ndiyo iliyofaulu kuliko zote, ingawa ndiyo isiyojulikana sana. Wimbo wenyewe ni wa taratibu tangu asili, hauna kishindo cha kukataliwa, na Allen hana haja ya kubishana na mtu. Vyombo vya kupuliza vinapomaliza kauli yao, haihati hufunguka kidogo, nusu pigo kabla ya pale sikio linapoitazamia, kisha hufungwa. Ni kitendo kidogo mno, cha mguu wa kushoto tu. Ndicho alichokisoma katika makala ya Roach, nacho kinatumiwa katika wimbo wa Blakey kwa namna ambayo hakuna hata mmoja kati ya hao wawili aliyeitumia.