Lugha ya Mgonjwa na Maswali ya Mashine: Tahakiki ya Kiswahili cha Ushauri wa Afya

Wahakiki wa Kiswahili aghalabu wameshughulikia ushairi, riwaya na tamthilia. Hata hivyo, zipo matini nyingine ambazo huwafikia watu wengi, na ambazo neno moja lililowekwa vibaya laweza kumdhuru msomaji mwilini mwake. Hizi ni matini za ushauri wa afya: programu za simu zinazomwuliza mgonjwa dalili zake kisha zikamtajia maradhi yanayoelekea, pamoja na simu za afya ambazo mtu hupiga akajibiwa na mhudumu. Hudhaniwa kwamba tatizo la Kiswahili katika uwanja huu ni uhaba wa istilahi. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo kubwa zaidi ni kupuuzwa kwa namna wasemaji wa Kiswahili wanavyousema ugonjwa.

Huduma zenyewe si ngeni tena. Wizara ya Afya ya Tanzania inayo nambari 199, na nchini Kenya nambari 719 ilitangazwa mwaka 2020 ugonjwa wa Korona ulipoingia. Mwaka 2019 kampuni ya Ada Health ya Ujerumani ilitoa programu yake ya dalili kwa Kiswahili, baada ya kushirikiana na wataalamu wa chuo kikuu cha Muhimbili. Hatua hiyo yastahili sifa, kwani ilikiri kwamba mgonjwa ana haki ya kuulizwa kwa lugha anayoifahamu. Lakini hata katika Kiingereza mafanikio ya programu za aina hii yalikuwa ya wastani. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la BMJ mwaka 2015 ulipima programu 23. Ugonjwa halisi ulitajwa wa kwanza katika asilimia 34 tu ya majaribio, na ushauri wa mahali pa kutafuta tiba ulifaa katika asilimia 57. Ikiwa hali ni hiyo katika lugha zilimozaliwa, hapana budi tuulize zinapoteza nini zaidi zinapohamia lugha nyingine.

Tuanze na sarufi. Msemaji wa Kiswahili husema: kichwa kinaniuma, homa imenishika, kikohozi kimenibana. Katika sentensi hizi kiungo au ugonjwa ndio mtenda, na mgonjwa ni mtendwa. Maswali yaliyotafsiriwa huugeuza mpangilio huu: "Je, una maumivu ya kichwa?" Ugonjwa umekuwa kitu ambacho mtu anacho, kama vile ana kikapu. Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na kila msomaji ataielewa. Hasara yake imo katika kile ilichokitupa, yaani kitenzi. Tumbo la Mswahili haliumi tu: linakata, linasokota, linanyonga, linavuta, linachoma. Kichwa huwanga au hugonga, jipu hupwita. Kila kitenzi kati ya hivyo kinamwambia mganga jambo kuhusu namna ya maumivu, na namna hiyo ni sehemu ya utambuzi wa ugonjwa. Swali linalomtaka mgonjwa achague kati ya maumivu "madogo", "ya wastani" na "makali" linapima kiasi peke yake. Ujuzi ambao lugha imeuweka akiba katika vitenzi vyake unaachwa nje ya mlango.

Jambo la pili ni jibu la ndiyo na hapana. Tuchukue swali la ukanusho: "Huna homa?" Mswahili asiye na homa aweza kujibu "Ndiyo", maana yake ni ndivyo, sina. Mwingine asiye na homa atajibu "Hapana", akikusudia jambo lilo hilo. Katika mazungumzo ya ana kwa ana utata huu haudhuru, kwa sababu mjibu huongeza neno "sina", au mwulizaji humrudia. Kitufe hakina nafasi ya nyongeza. Mama mmoja akibonyeza "Ndiyo" na mwingine akabonyeza "Hapana", mashine itawahesabu kuwa wagonjwa wawili tofauti ilhali wana hali moja. Mtu yeyote anayetunga maswali ya afya kwa Kiswahili anapaswa kuuepuka ukanusho kabisa, na hili ni shauri la mwanaisimu kabla ya kuwa shauri la tabibu.

Tatu ni msamiati. "Mguu" huanzia nyonga ukaishia vidoleni, na "mkono" huanzia begani. Swali "Je, mguu mmoja umevimba?" halitofautishi aliyeteguka kifundo na aliyevimba shavu la mguu kwa sababu ya damu iliyoganda ndani ya mshipa, ambaye maisha yake yamo hatarini. "Kichomi" ni maumivu ya mbavuni, na pia ni jina la nimonia. Neno moja ni dalili na ugonjwa kwa pamoja. Mfano mzito kuliko yote ni "degedege". Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walieleza jinsi wazazi wengi walivyolitenga degedege na homa ya malaria, wakaliona kuwa ni ugonjwa mwingine wenye asili na tiba yake ya kienyeji, ilhali kwa tabibu mara nyingi ni dalili ya malaria kali. Mzazi mwenye imani hiyo akiulizwa, "Je, mtoto amepatwa na kifafa?" atajibu hapana kwa moyo mweupe. Hakusema uongo. Aliulizwa kwa neno lisilo lake, na dakika zinazopotea ni za mtoto.

Simu yenye mhudumu ina nafuu katika mambo haya yote. Mazungumzo huanza kwa salamu, na kwa mila ya lugha mgonjwa hujibu "Sijambo" au "Nzuri" kabla ya kueleza yaliyomfika. Mhudumu anajua kwamba habari yenyewe huja baada ya neno "ila" au "lakini". Anaweza kusema pole, kisha akauliza, "Wapi hasa, mama?" Swali hilo fupi latatua utata wa mguu ambao orodha ndefu isingeutatua.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kuishutumu mashine bila kuipa haki yake. Mficha uchi hazai, lakini wako wengi wasioweza kuufunua mbele ya binadamu mwenzao. Kijana mwenye ugonjwa wa zinaa, au msichana anayehofia mimba, huenda akakiambia kioo cha simu kile asichoweza kumwambia mhudumu mwenye sauti ya shangazi yake. Tafsida, ambayo ni pambo la lugha yetu, humziba mgonjwa kinywa pale anapohitaji kusema wazi. Mashine haioni haya wala haimtii mtu haya, na faida hiyo si ndogo.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 zimeenea mashine za namna nyingine, ambazo hupokea maelezo ya mgonjwa kwa maneno yake mwenyewe. Yamkini hizi zitaisikia tofauti ya kukata na kusokota, lakini kwa sharti moja: ziwe zimefunzwa kwa maneno ya wagonjwa wenyewe. Maneno hayo hayamo ya kutosha katika kamusi wala vitabuni. Yamo katika foleni za zahanati, kwa wakunga na kwa waganga, kuanzia Lamu hadi Kigoma. Kuyakusanya kwa idhini ya wenyewe na kuyachambua ni kazi ya idara za lugha, ambazo hadi sasa zimewaachia watabibu na wahandisi shughuli hiyo. Istilahi za tiba zimeundwa kwa bidii kwa miaka mingi ili daktari apate la kusema. Sasa ni zamu ya kusajili anachosema mgonjwa.