Sheria Ilifuatwa, Haki Je? Tuisome Tena Sauti ya Dhiki

Mwalimu mwenzangu, na wewe mtahiniwa, ukitakiwa kujadili maudhui ya haki katika diwani ya Sauti ya Dhiki, usikimbilie jibu jepesi kwamba mshairi alionewa kwa kuwa sheria ilikiukwa. Uzito wa diwani hii ni kuwa sheria ilifuatwa.

Abdilatif Abdalla alikamatwa Desemba 1968 kwa kuandika karatasi iliyoikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?" Alishtakiwa kwa uchochezi, kosa lililokuwamo katika sheria za nchi. Alifungwa miezi 18. Upande wa mashtaka ukakata rufaa, kifungo kikaongezwa hadi miaka 3. Mashtaka, hukumu, rufaa: njia yote ya mahakama ilipitiwa. Basi tukisema hakutendewa haki, tunaitoa wapi hiyo haki, ikiwa si mahakamani?

Swali hili ndilo linalolipa uhai shairi la "Siwati". Kimvita hicho: siwati ni siachi. Adhabu hutarajiwa kumrudi mkosaji ili ajute. Nafsineni hajuti. Nimesahihisha insha nyingi zinazomwita mkaidi, na kila mara najiuliza iwapo mwanafunzi amelisoma shairi au amesoma mwongozo tu. Mkaidi hukataa bila sababu; huyu anashikilia aliloliamini kuwa kweli, na kifungo hakikumthibitishia kuwa ni uongo. Katika "Kuno Kunena" pia, kilichomponza ni kule kusema kwenyewe. Adhabu imeufikia mwili, hoja imebaki pale pale. Kumbuka kwamba mashairi haya yaliandikwa kwa siri gerezani, kwenye karatasi za chooni.

Wapo watakaouliza: je, kila mfungwa anayejiona ana haki asifungwe? Ni pingamizi la maana, na mtahiniwa asiliogope. Mwizi naye anaweza kukataa kujuta. Tofauti ni kwamba mwizi ana mtu aliyemnyang'anya mali. Mwandishi wa karatasi ile aliuliza swali.

Historia nayo imeongeza kinaya. Mshairi alitoka mwaka 1972, diwani ikachapishwa 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga. Kosa la uchochezi lenyewe lilifutwa katika sheria za Kenya mwaka 1997. Miaka 3 aliyoitumikia haikufutika.

Darasani, anza na "Mnazi: Vuta N'kuvute". Alii na Badi wanajibizana juu ya mnazi. Wape wanafunzi wawili waisome kwa sauti, wengine wawe wazee wa baraza. Kabla hawajaamua, waulize watatumia sheria gani, na aliyeitunga ni nani.